Uvimbe mmoja, maana mbili: dawa za kutuliza uvimbe na utumbo wa anayetibiwa kwa mionzi

Jioni moja, nikiwa karibu kufunga farmasi yetu hapa Katuba, Lubumbashi, aliingia kijana ameshika simu kama mtu aliyeshika ordonansi, ile karatasi ya dawa ya daktari. Alinionyesha ujumbe uliokuwa ukizunguka katika kundi la ukoo wao: anayekwenda kupigwa mionzi ya tumbo ameze dawa ya kutuliza uvimbe asubuhi na jioni, nayo itamlindia utumbo. Chini yake liliandikwa jina la dawa: diklofenaki. "Yaya," akaniambia, "nipe za mwezi mzima. Mama anavuka mpaka wa Kasumbalesa Jumatatu, anaenda Lusaka."

Sikumuuzia. Lakini pia sikuweza kumweleza sababu kwa dakika mbili huku watu wawili wakisubiri nyuma yake, na jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ulibeba chembe ya kweli ambayo madaktari wenyewe wamehangaika nayo kwa miaka 50. Ndiyo sababu naandika. Kijana yule alikuwa anampenda mama yake, na upendo huo ndio ulioelekea kumnunulia dawa ya kumuumiza.

Tuanze na neno lenyewe, maana nadhani nusu ya mkanganyiko imejificha humo.

Neno moja, mizigo miwili

Daktari akisema mama ana uvimbe kwenye mlango wa kizazi, anazungumzia nyama iliyoota mahali pasipotakiwa, yaani saratani. Ukijigonga goti kwenye ngazi, likavimba, likawa jekundu na la moto, hilo nalo tunaliita uvimbe. Lugha yetu imevitia vitu hivi viwili katika kapu moja, lakini havina undugu wa karibu. Wa kwanza ni seli zilizoasi, zinazaana bila kusikia amri. Wa pili ni mwili wenyewe ukifanya kazi: damu inakimbilia mahali palipoumia, mishipa midogo inafunguka, askari wa damu, yaani chembe nyeupe, wanaingia kufagia vilivyokufa na kuandaa ukarabati.

Kwenye pakiti ya diklofenaki au ibuprofeni pameandikwa kwa Kifaransa "anti-inflammatoire". Dawa hiyo inahusu uvimbe wa pili tu. Haipunguzi saratani. Nimekutana na watu waliomeza vidonge hivyo kwa miezi wakiamini vinayeyusha ile nyama, kwa sababu tu muuzaji aliwaambia ni dawa ya kupunguza uvimbe. Muuzaji hakudanganya, na mnunuzi hakukosea Kiswahili. Neno ndilo lililowapoteza wote wawili.

Basi katika makala haya ule wa kwanza nitauita saratani, na wa pili nitauita mwako. Anayejua Kifaransa atasikia kwamba hata neno lao limebeba moto ndani yake. Na mwako ni kama moto wa mbabula, jiko letu la makaa. Ndio unaotupikia bukari, ugali wetu. Moto huohuo ukiuacha karibu na pazia, unaunguza nyumba. Kuuzima si lazima iwe wema, inategemea unapika nini.

Mionzi inafanya nini hasa

Huku kwetu watu husema mgonjwa "anachomwa". Neno hilo huwatisha wagonjwa bure. Anayelala chini ya mashine hasikii joto wala maumivu. Ni dakika chache, kama kupigwa picha ya mapafu. Kinachotokea hakionekani. Mionzi inapita katika mwili na kukata nyuzi za vinasaba, yale maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli. Seli nyingi hazifi papo hapo. Hufa pale zinapojaribu kugawanyika ili kuzaa seli nyingine, zikakuta maelekezo yamechanika. Kwa hiyo wanaoumia zaidi ni wale wanaogawanyika haraka. Saratani imo katika kundi hilo. Kwa bahati mbaya utumbo pia umo, na tutaufikia.

Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya nje habaki na mionzi mwilini. Akirudi nyumbani anaweza kumpakata mjukuu wake, kula sahani moja na wengine, kulala kitanda kimoja na mume wake. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa inavyozimwa na chumba hakibaki na mwanga. Wapo pia wanaowekewa chanzo cha mionzi ndani ya uke kwa muda ili kifike karibu na saratani ya mlango wa kizazi. Hicho nacho huondolewa, na kikiondolewa, mionzi yake imeondoka nacho.

Sisi watu wa Katanga tuna sababu ya kuliogopa neno mionzi. Tumekua tukisikia habari za Shinkolobwe, mgodi wetu wa urani. Lakini historia hiyo ina upande ambao haupewi nafasi mezani. Kuanzia mwaka 1922, mawe ya Shinkolobwe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na humo ikatolewa radiamu, ambayo hospitali za Ulaya ziliitumia kutibu saratani, ikiwa ni pamoja na ya mlango wa kizazi. Hata kobalti tunayoijua ina sehemu yake. Kobalti ya ardhini kwetu haitoi mionzi ya namna hii. Ni mpaka ikae kwenye kinu cha nyuklia na kugeuzwa kuwa kobalti-60. Mashine za kwanza za kutibu kwa kobalti-60 zilianza kazi Kanada mwaka 1951, na katika nchi nyingi za Afrika bado zimo kazini. Nguvu ya chanzo hicho hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache, ndiyo maana mahali penye chanzo cha zamani mgonjwa hulazwa mezani muda mrefu zaidi. Mashine nyingine hazina chanzo kabisa, zinatengeneza mionzi kwa umeme. Naandika haya nikiwa na uchungu kidogo: mawe yametoka hapa, na mama wa hapa anapanda basi kuvuka mpaka ili yamfae.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa zile zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini kwetu, kipimo cha kawaida cha mionzi ya nje ni kati ya 45 na 50 kwa kizio kinachoitwa grei. Hakitolewi kwa mara moja. Hugawanywa mara 25 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Sababu ya kugawanya ni kwamba seli zenye afya hujua kujirekebisha usiku mmoja vizuri kuliko seli za saratani. Mapumziko yale kati ya leo na kesho ni sehemu ya dawa.

Ukuta wa matofali mabichi

Sasa utumbo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, umekunjwa kunjwa tumboni, na baadhi ya mikunjo yake huteremka hadi kwenye nyonga, jirani kabisa na kizazi na kibofu. Mionzi inayolenga mlango wa kizazi haiwezi kuikwepa yote.

Ndani ya utumbo kuna ngozi laini yenye vinyweleo vidogo vingi, kama taulo jipya. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyonyonya maji na chakula. Chini yake kuna vishimo vidogo sana, na kwenye kila kishimo zinakaa seli mama, zinazozaa seli mpya mchana na usiku. Seli mpya hupanda taratibu hadi kileleni, hufanya kazi, huchakaa, huanguka. Ndani ya siku 3 hadi 5 ngozi yote ya utumbo imebadilishwa. Hakuna sehemu nyingi mwilini zinazojijenga upya kwa kasi hiyo.

Fikiria nyumba ya matofali mabichi, ya udongo usiochomwa. Kila mvua ya Desemba inaosha tabaka moja la ukuta, na kila asubuhi mafundi wanatoka shimoni na matofali mapya wanaziba. Nyumba inasimama kwa sababu mafundi hawalali. Mionzi haiwapigi sana matofali yaliyo ukutani. Inawapiga mafundi shimoni. Siku ya kwanza hutaona kitu. Ya pili vilevile. Lakini mvua inaendelea kunyesha, na kila wiki mashine inawapiga tena mafundi wachache waliobaki. Ukifika wiki ya pili au ya tatu, ukuta umeanza kuwa mwembamba, pengine una matundu.

Hapo ndipo tumbo linapoanza kusumbua: kukatakata, gesi, kichefuchefu, kuharisha mara nne, mara sita, mara nane kwa siku. Maji hayanyonywi tena. Nyongo ambayo ilipaswa kurudishwa juu inateremka na kuwasha utumbo mpana. Maziwa ambayo mtu ameyanywa maisha yake yote ghafla yanamkataa. Bakteria wanaokaa utumboni wanapenya kwenye matundu, askari wa damu wanakimbilia huko, na mwako unawaka.

Mgonjwa anayeharisha wiki ya tatu huambiwa na jirani kwamba saratani "imeshuka tumboni". Mwingine anaambiwa ni amiba, ananunuliwa metronidazoli. Amiba ipo kwetu, sikatai, na choo kikiwa na damu au mgonjwa akiwa na homa lazima apimwe. Lakini kuharisha kunakoanza kwa wakati ule ule ambao mafundi wamepungua kuna maelezo yake tayari. Kwa wengi hupoa polepole, wiki kadhaa baada ya kipindi cha mwisho, kwa sababu mafundi waliosalia huzaana na kujenga upya.

Kuna madhara ya aina nyingine yanayochelewa, miezi au hata miaka baadaye, kwa wagonjwa wachache: utumbo unakuwa mgumu, unabana, au unatoa damu njia ya haja kubwa. Hayo yana njia zake za kutibiwa. Nayataja ili mama aliyetibiwa miaka miwili iliyopita akiona damu asiseme ni bawasiri tu, aende hospitali na aseme waziwazi kwamba aliwahi kupigwa mionzi.

Kwa nini wazo lilionekana zuri

Mtu yeyote mwenye akili akisikia kwamba ndani ya utumbo kuna moto, atasema: tuuzime. Madaktari walisema hivyohivyo. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: inazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu, homa na mwako. Ugunduzi huo ulimpatia sehemu ya tuzo ya Nobel mwaka 1982. Na prostaglandini zikizidi utumboni, zinausukuma utumbo utoe maji. Kwa hiyo mantiki ilikuwa mbele ya macho: mionzi inaleta mwako, mwako unaleta prostaglandini, prostaglandini zinaleta kuharisha, aspirini inazizuia. Mwaka 1975 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mdogo wa Uingereza kwa wanawake waliokuwa wakipigwa mionzi kwa ajili ya saratani ya kizazi. Waliopewa aspirini walipata nafuu ya tumbo.

Hii ndiyo ile chembe ya kweli. Kama tungeishia mwaka 1975, ujumbe wa simu ungekuwa na haki.

Tatizo ni kwamba prostaglandini hazina kazi moja. Mwili una viwanda viwili vikuu vya kuzitengeneza. Kimoja kinafanya kazi kila siku, kimya kimya: kinalinda ngozi ya tumbo isiliwe na asidi, kinaweka damu ya kutosha kwenye figo. Kingine hufunguliwa mahali palipoumia, ndicho kinachowasha mwako. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni na indometasini hufunga vyote viwili bila kuchagua. Ndiyo maana anayezimeza muda mrefu hupata vidonda vya tumbo, na hata utumbo mwembamba wenyewe huchubuka. Unampa mtu mwenye ukuta mwembamba dawa inayojulikana kwa kuchuna kuta.

Lililonishangaza zaidi nilipolisoma ni hili. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwapiga panya mionzi wakahesabu vishimo vya utumbo vilivyonusurika. Panya waliopewa indometasini walibaki na vishimo vichache zaidi. Prostaglandini zinazotoka katika kiwanda kile cha kila siku ndizo zilizokuwa zikiwasaidia mafundi kubaki hai. Kwa hiyo aliyezima mbabula ili nyumba isiungue, aliwazimia chakula mafundi waliokuwa wanaijenga. Panya si binadamu, na matokeo yao hayatoshi kutoa hukumu. Lakini yanaeleza kwa nini wazo lililoonekana rahisi mwaka 1975 halijawa tiba ya kawaida hadi leo.

Halafu mtu akasema: basi tufanye kinyume, tuwape prostaglandini. Wakajaribu misoprostoli, inayofanana nazo, kwa vidonge vinavyowekwa njia ya haja kubwa. Haikuwalinda, na katika utafiti mmoja damu ilitoka zaidi. Miongozo ya kimataifa inashauri isitumike hivyo. Kuzima hakukusaidia, kuchochea hakukusaidia.

Dawa za utumbo zenyewe

Mtu anaweza kuuliza: je, zile dawa za kutuliza mwako zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya utumbo? Zipo. Mesalazini hutumiwa na wagonjwa wenye vidonda vya muda mrefu vya utumbo mpana, na kwao inasaidia kweli. Ikajaribiwa kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga, pamoja na ndugu yake olsalazini. Zote mbili hazikulinda, na kwa baadhi kuharisha kuliongezeka, kiasi kwamba wataalamu wameandika bila kuzungusha: zisitolewe kwa kusudi hili.

Sulfasalazini ina hadithi ndefu kidogo. Iliundwa Sweden, daktari Nanna Svartz akiwa mbele, kwa ajili ya ugonjwa wa viungo. Ni vitu viwili vilivyofungwa kamba moja. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaoikata kamba, na kimoja kati ya vitu hivyo ni mesalazini yenyewe. Ungetegemea basi ishindwe kama mesalazini. Lakini utafiti wa Uturuki uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba walioimeza waliharisha kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa huduma kwa wagonjwa wa saratani ikapendekeza miligramu 500 mara mbili kwa siku. Wengi walifurahi. Kisha mwaka 2016 Wamarekani wakachapisha jaribio lao, wakitumia kipimo kikubwa zaidi, na dawa haikushinda kidonge kitupu. Tena madhara yalielekea kuwa mengi upande wa dawa.

Mtu asiyezoea sayansi akisikia hivyo anasema madaktari hawajui wanachosema. Mimi naona kinyume. Dawa ilijaribiwa, ikasifiwa, ikajaribiwa tena, na waliopata jibu baya walilichapisha. Ujumbe wa simu haujawahi kujirekebisha.

Kwa watu wa kwetu kuna jambo jingine kuhusu sulfasalazini ambalo haliandikwi kwenye ujumbe wowote. Katika nchi zenye malaria nyingi, watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wanaishi vizuri bila kujua. Lakini dawa fulani, sulfasalazini ikiwemo, zinaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, mkojo ukawa kama kokakola na mtu akaishiwa damu ndani ya siku chache. Mama mwenye saratani inayotoka damu hana damu ya kupoteza. Na aliyewahi kuchubuka ngozi kwa dawa za sulfa asiiguse kabisa. Daktari anaweza kuichagua kwa mgonjwa fulani baada ya kupima. Kuinunua kaunta ni jambo jingine.

Kuhusu deksametazoni na prednisoloni nitasema kwa ufupi. Hizi huzima mwako kwa nguvu kuliko zote, na hospitalini hutolewa kwa sababu maalumu, kwa mfano kuzuia kutapika. Hazijathibitishwa kuwa ngao ya utumbo wakati wa mionzi. Mjini kwetu wako wanaomeza deksa ili wanenepe, kwa hiyo wanaiona kama kitu cha kawaida. Anayezimeza kwa wiki nyingi hupandisha sukari, kinga yake hushuka, na akiacha ghafla anaweza kuzimia. Mgonjwa wa saratani awe mbali nazo mpaka daktari aandike.

Diklofenaki na figo

Narudi kwa kijana wangu, maana hatari kubwa ya dawa aliyoitaka haikuwa hata utumboni. Wanawake wengi wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi hupewa, pamoja na mionzi, sindano ya sisplatini mara moja kwa wiki. Sisplatini hufanya saratani iumizwe zaidi na mionzi, lakini inajulikana kwa kuumiza figo. Ndiyo maana wauguzi humwekea mgonjwa maji mengi ya mshipa siku hiyo. Sasa ongeza kuharisha: maji mwilini yamepungua. Ongeza diklofenaki: imefunga kiwanda kilichokuwa kinapeleka damu kwenye figo. Vitu vitatu vinazipiga figo zilezile katika wiki moja. Figo zikilegea, sisplatini inasimamishwa, na mama amepoteza sehemu ya tiba aliyouza kiwanja ili aipate.

Kuna na la nne. Wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi hupata saratani hii mara nyingi zaidi, na vidonge vingi vya kupunguza makali ya virusi vina tenofoviri, ambayo nayo hupita kwenye figo. Tenofoviri na diklofenaki kwa pamoja zimewahi kuangusha figo za watu ambao hawakuwa na saratani. Mgonjwa asiache vidonge vyake vya virusi hata siku moja. Aache diklofenaki, na amwambie daktari kila anachomeza, hata kama ni jambo la siri nyumbani.

Maumivu yapo, sikatai, na mtu hapaswi kuvumilia tu. Parasetamoli kwa kipimo chake, na zaidi ya hapo dawa kali ambazo hospitali inazo. Aombe.

Kinacholinda kweli

Ulinzi mkubwa wa utumbo hauko kwenye kidonge. Uko kwenye upimaji unaofanywa kabla ya siku ya kwanza, pale wataalamu wanapochora njia ya mionzi ili ipite nje ya utumbo kadiri inavyowezekana. Na kuna sehemu ambayo mgonjwa mwenyewe anaishika: kibofu. Vituo vingi humwambia mgonjwa aje kibofu kikiwa kimejaa. Wengi hudhani ni usumbufu tu. Kibofu kilichojaa kinanyanyuka kama mpira na kuisukuma juu ile mikunjo ya utumbo iliyoteremka kwenye nyonga, iwe mbali na mionzi. Mama anayekwenda kukojoa dakika tano kabla ya kuitwa kwa sababu ya woga ameirudisha mikunjo chini. Nikilazimika kuchagua jambo moja la kumwambia mgonjwa kwenye kituo cha basi, nitachagua hili.

Kuna pia bakteria wema wa jamii ya laktobasili, wanaouzwa kwa vidonge au unga. Wao si dawa za kuzima mwako, lakini wataalamu wanapendekeza zile zenye laktobasili kwa wanaopigwa mionzi ya nyonga, kwa kuwa tafiti kadhaa zimeonyesha kuharisha kunapungua. Mwenye chembe nyeupe zilizoshuka sana aulize kwanza.

Kuharisha kukianza, mgonjwa amwambie muuguzi siku ileile. Ipo loperamidi ya kupunguza safari za chooni, ambayo haifai akiwa na homa au damu kwenye choo. Maji ndiyo ya haraka kuliko yote: pakiti za chumvi za kuongeza maji, na zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Maziwa na mafuta mengi viwekwe kando kwa muda. Asijinyime chakula kabla tatizo halijaanza. Nimeona watu wakifika wiki ya tatu wakiwa mifupa kwa sababu ya kuogopa kula.

Na asikatishe vipindi kimyakimya. Hili linaniumiza kuliko lolote. Tiba yote ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani, inatakiwa kuisha ndani ya wiki 8, maana kila siku inayopotea zaidi ya hapo saratani hupata nafasi ya kujaza seli zake. Mgonjwa anayeharisha hukaa chumba cha kupanga akisubiri tumbo litulie kwanza, akidhani anajihurumia. Tumbo litulizwe hukohuko, akiendelea.

Kijana yule aliondoka na pakiti kumi za chumvi na karatasi niliyomwandikia maswali matatu ya kumuuliza daktari: je, mama atapewa sisplatini, kibofu kiwe kimejaa au kitupu, na kuharisha kukianza usiku ampigie nani. Nyuma yake niliandika namba ya farmasi.

Simu ililia wiki ya tatu. Alikuwa mama mwenyewe, sauti imechoka kidogo. Kuharisha kumeanza, muuguzi amejua, vidonge amepewa, na asubuhi hiyo alikuwa amekunywa maji yake na kubana mpaka alipoitwa. Alitaka kujua jambo moja tu: jirani yake wa chumba, Mkongo mwenzake, amepika sombe, yaani kisamvu, na makayabu, samaki wa chumvi, je, anaweza kula? Nikamwambia kwa sasa ale bukari na mchuzi mwepesi wa samaki, sombe aiache hadi tumbo litulie. Akacheka, akasema basi wanibakizie, nitakuta.